Mboloko wa Pande Mbili za Mto

Alunguli, Kindu
Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri

Baba,

Nimeapa leo kukuambia yote, bila kuficha na bila kupamba. Mama amenikataza kumsimulia mtu yeyote yaliyotokea hapa nyumbani wiki hii, lakini sidhani alikuwa anakufikiria wewe. Wewe huwezi kupeleka maneno sokoni.

Utaniwia radhi kwa mwandiko. Ulinifundisha kuandika kwa penseli, herufi ndogo zilizonyooka, kwa sababu wino huyeyuka ndani ya alkoli na penseli hubaki. Leo herufi zangu zinapanda na kushuka. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, ninaacha kuandika mpaka nisikie imeenda.

Naogopa, Baba. Nianze na hilo, maana ndilo limebadilika kuliko yote tangu utuache. Zamani nilikuwa naogopa vitu vyenye majina: mtihani, radi, mbwa wa jirani. Sasa naogopa kuamka. Vita iliyokuwa mbali, ile uliyokuwa ukiisikiliza redioni huku ukitikisa kichwa, imesogea. Watu wamefika Kindu kutoka Kivu na magodoro kichwani. Wanalala katika madarasa yetu, kwa hiyo shule imefungwa, na ubaoni bado kuna mchoro wa seli ambao mwalimu wetu wa biolojia alikuwa hajaumaliza. Nilipita dirishani nikauona. Mtoto mmoja alikuwa amelala chini yake.

Mama bado yuko kwenye eda. Hatoki, amevaa kitambaa chake cheupe, na kila kitu cha nje nakifanya mimi: maji, sabuni, kusaga unga. Hitima ya arobaini ilisomwa vizuri, watu walijaa mpaka barabarani. Baada ya hapo wakapungua, na walipopungua maneno yakaanza. Maneno yenyewe ni juu ya kopo.

Kopo lako, Baba, lile la maziwa ya unga lenye vichupa. Watu wa mtaa wetu wanasema mtu hawezi kuweka vipande vya nyama za wanyama wa msituni kibandani miaka yote hiyo, kila kipande na namba yake, kisha aanguke afe msikitini bila sababu. Presha kwao si sababu. Baba Mdogo Saidi alikuja, akakaa kwenye kiti chako, akamwambia Mama kwamba askari wanapekua nyumba kutafuta silaha, na siku watakapolikuta hilo kopo watatuita wachawi au watu wa sumu, na hapo hakuna wa kututetea. Akasema Jumamosi atakuja kulichukua akalitupe mtoni. Mama hakujibu. Alikuwa anatazama mikono yake tu. Mimi nikachukua ule ukimya kuwa ni ndiyo.

Nilitaka kumwambia Baba Mdogo kilichomo. Nikashindwa. Wewe ulijua kulieleza jambo hilo hata kwa mtu asiyesoma. Kwangu ulilieleza kwa sombe, majani yetu ya muhogo ya kutwanga, unakumbuka? Nilikuwa mdogo, tumetoka kula kwa Shangazi Zaina kule Kasuku, ng'ambo ya pili. Ndani ya mtumbwi nikalalamika kwamba sombe ya shangazi si kama yetu. Ukacheka. Ukaniambia Mama na Shangazi walifundishwa na Bibi, mama yako, katika jiko moja, siku moja, kwa kinu kimoja. Halafu vita ya miaka ile ikaja, mitumbwi ikakatazwa kuvuka, mmoja akabaki upande huu na mwingine upande ule. Huku mawese yaliadimika, Mama akazoea kupika bila mawese mengi. Kule karanga zilikuwapo, Shangazi akaanza kuzitia. Amani ilipokuja kila mmoja akamfundisha binti yake kama alivyozoea. Ukasema, "Onja yako, onja ya binti wa Zaina. Mwenye ulimi mzuri atakuambia chungu kilikuwa kimoja, na atakisia kiligawanyika lini. Tofauti chache, waliachana juzi. Tofauti nyingi, waliachana zamani."

Kisha ukanyoosha kidole kwenye maji. Ukasema hata mboloko wako hivyo. Yule paa mdogo wa rangi ya moshi, asiyefika gotini kwa mtu, yuko msitu wa upande wetu na yuko msitu wa upande wa Lomami, na hawezi kuvuka mto huu wa Lualaba. Ukiwatazama kwa macho utaapa ni wale wale. Lakini ndani ya kila kipande cha mwili wake kuna maagizo ambayo mama humnakilia mtoto, na katika kunakili kila mara kitu kidogo hubadilika, kama sombe. Ukisoma maagizo ya mboloko wa huku na ya mboloko wa kule, mto utakuambia wenyewe umewatenganisha tangu lini.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako. Ulitembea na wawindaji, ukaomba kipande kidogo cha sikio kabla nyama haijaenda kwenye moshi, maana moto huharibu yale maagizo, ukakitia kwenye alkoli na kuandika kwa penseli. Kila kipande na nyumba yake. Ulinipiga mkono siku nilipotaka kutumia kibano kimoja kwa vichupa viwili bila kukisafisha, na ilikuwa mara yako pekee kunipiga.

Madame Neema amepiga simu. Yule binti wa maabara ya Kisangani aliyekuwa anakuita mzee kwa heshima mpaka unaona haya. Alilia, kisha akauliza kopo. Nilimwomba anieleze atafanyaje, na alinieleza bila haraka ingawa simu ilikuwa inakatika. Atakata kipande kama punje ya mchele, atakiyeyusha mpaka DNA, yale maagizo yenyewe, itoke, kisha atainakili sehemu moja tu, mara nyingi mno, kwa mashine inayopasha moto na kupoza, moto na kupoza, mpaka ile sehemu iwe nyingi ya kutosha kusomeka. Herufi za maagizo ni nne tu, Baba. Ulikuwa umeniambia lakini nilikuwa nimesahau. Nne, na zinatosha kuandika mboloko, na tembo, na mimi.

Amesema vichupa vya miaka ya vita ndivyo anavyovitaka kuliko vyote. Kule upande wa Kampene mlikochukua vile vya kwanza, sasa ni mashimo ya wachimbaji. Mboloko hayupo tena. Waliobaki wa ule msitu ni hao waliomo kwenye kopo letu. Vikikauka, au vikitupwa mtoni, hakuna mtu atakayeweza kuuliza lile swali tena. Ananisihi nivitunze mpaka barabara ya Lubutu ipitike, naye atakuja mwenyewe na mashine yake ndogo ya kusomea herufi hizo.

Nilipokata simu nilikwenda kibandani kufungua kopo. Joto la mwezi huu limenyonya alkoli. Katika vichupa vingi ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na kipande kimoja kilikuwa kimetoa kichwa nje, kimekauka kama kamba ya kiatu. Nilikuwa kama mtu aliyekuta mtoto wa watu ametumbukia kisimani. Nikakimbilia duka la dawa. Muuza dawa wa pale ni mwema, hakunidanganya. Aliniambia ndege haziji, alkoli iliyobaki ameichanganya na maji ili itoshe kusafishia vidonda, kwangu haitafaa kitu.

Basi nikakumbuka hadithi yako.

Ile ya askari wa miaka ya vita. Uliisimulia kila tukipata wageni. Dumu lako la alkoli lilikuwa ndani, kopo liko pembeni, na askari wakaingia. Ulisema hivi siku zote, kwa maneno yale yale: wakanusa, wakauliza pombe ni ya nani, wakajibiwa, wakaondoka na dumu, kopo hawakuligusa. Hapo wageni walicheka, na Mama aliinuka kwenda kuangalia moto hata kama hakuna kilichokuwa jikoni. Kisha ulisema jinsi ulivyobaki na vichupa vikikauka, ukaenda kwa Mama Albertine kununua lutuku, pombe kali ya kienyeji, yale matone ya kwanza yanayotoka kwenye bomba, makali kuliko yote. Hadji mzima anabisha mlango wa mpikaji wa pombe. Sheikh wa mtaa ulimweleza kwanza, akakuambia usiilete karibu na chakula wala swala, na wewe ukaiweka kibandani na kunawa mpaka viwiko.

Nilikwenda mchana, Baba, kwa sababu njia ya mtoni jioni inatisha zaidi. Nilijifunika mtandio wangu vizuri, halafu nikaona ndivyo ninavyotambulikana zaidi. Mama Albertine amezeeka lakini bado anapika pale pale, karibu na maji. Aliponiona alishusha kata.

"Mutoto ya Papa Salima," alisema, "na wewe leo njo umeanza kunywa?"

Wanaume waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Nilimwambia ni kwa ajili ya wanyama wa Baba. Nilidhani watacheka zaidi. Mmoja akacheka, lakini Mama Albertine alimtazama mpaka akanyamaza.

"Wale wanyama ya baba yako," aliniambia, "walikuwa wanakunywa kupita wanaume yote ya Alunguli. Na hakuna hata moja alinipigia kelele hapa."

Akaniingiza ndani. Hakutaka fedha, alipokea kipande cha sabuni tu. Akanikingia matone ya kwanza, akayamwaga kidogo kwenye kifuniko na kuwasha kiberiti. Moto ulikuwa wa bluu, karibu hauonekani. Ulikuwa umeniambia, ikiwaka inafaa. Nikasema inafaa. Nilirudi na chupa ndani ya kikapu, chini ya mihogo, nikipita barabara ambayo watoto wa madrasa yetu huchezea. Niliwasalimu wote. Sijawahi kusalimu watu kwa adabu namna ile.

Nilijaza vichupa kimoja kimoja, nikisafisha sindano ya kujazia kila mara. Chumba cha nje kikanuka, na mikono yangu, na ncha ya mtandio. Mama alisimama mlangoni na kitambaa chake cheupe. Alitazama muda, akauliza, "Imetosha?" Nikasema imetosha, na imebaki kidogo. Akanifuata kwa macho. Niliificha chupa yenye mabaki nyuma ya mtungi wa maji, nikarudisha kopo kibandani.

Sasa nifike kwenye asubuhi ya jana. Nimezunguka kote huko kwa sababu sikutaka kuifikia.

Tulikuwa tumetoka kuswali alfajiri. Nilisikia pikipiki, nyingi, zikazimwa kwa pamoja. Kisha milango ya majirani ikigongwa kwa kitako cha bunduki, mmoja baada ya mwingine, ikija kwetu. Wazo langu lilikuwa moja tu: kopo. Nikatoka mbio kwenda kibandani. Baba, halikuwapo. Palikuwa na alama ya duara kwenye vumbi pale lilipokaa miaka yote. Nikajua Mama amempa Baba Mdogo. Nikajua liko mtoni. Nilikaa chini pale pale, na nisiseme uongo, kwa muda mfupi sikuwaogopa hata askari.

Waliingia watatu. Mmoja alikuwa mtu mzima, wawili walikuwa vijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Walitusimamisha uani. Walipindua godoro lako. Walifungua sanduku la nguo zako ambalo Mama hajaweza kulifungua, wakatoa kanzu wakaitikisa. Niliingiza mikono yangu ndani ya mtandio, kijana mmoja akaniuliza ninaficha nini.

Yule mtu mzima aliingia jikoni. Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa ya hitima, imejaa majani ya muhogo mabichi, bado hayajatwangwa. Akayachokoa kwa mtutu wa bunduki. Ukasikika mlio mdogo, chuma kwa bati. Akachokoa tena.

Hapo Mama alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama munatafuta pombe, iko nyuma ya mutungi."

Akageuka. "Pombe?"

Akaacha sufuria. Akaenda kwenye mtungi, akaitoa chupa, akainusa mpaka macho yakamtoka maji. Akauliza ni ya nani. Akanitazama mimi, na mikono yangu ilikuwa inanuka, Baba, ningenuswa tu ningekwisha.

"Ni yangu," Mama akasema. "Njo mimi nakunywa."

Alisema haraka, bila kutafuta maneno, kama mtu anayetaja jina lake. Majirani walikuwa wamesimama nje ya ua, Mama Aisha na wale wa hitima, wote wakisikia. Yule kijana akacheka.

"Mujane na kitambaa yake nyeupe," alisema, "kumbe iko na bwana mwingine ndani ya chupa."

Wenzake wakacheka. Mtu mzima akapiga funda moja, akakohoa, akamwambia Mama kwa namna ya heshima hivi kwamba hii ni kali sana kwa mwanamke, itamuua. Mama akasema ndiyo, atajaribu kuacha. Wakaondoka nayo. Pikipiki zikawashwa.

Mama alikaa kwenye kigoda mpaka sauti zikapotea. Kisha akatia mikono kwenye sufuria, akatoa majani, na chini yake, ndani ya mfuko wa plastiki, kulikuwa na kopo lako. Alikuwa amelitia humo usiku. Hakuniambia. Nililia, nikataka kumkumbatia, akaniambia nisiyaache majani chini yatachafuka, tuyatwange.

Tumeyatwanga. Lakini sasa ni hivi, Baba. Mtaa mzima unajua kwamba mjane wa Hadji anakunywa lutuku katika eda. Jana jioni hakuna aliyekuja kutusalimu. Baba Mdogo alifika akiwa amefura, akasimama mlangoni bila kuketi, akasema Mama amelitia aibu jina lako. Mama aliinamisha kichwa na kumwachia aseme. Baba Mdogo alikuwa na hasira nyingi mno hata kopo na Jumamosi yake hakuvikumbuka. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, Mama akanikanyaga mguu. Mtu akijua pombe ilikuwa ya nini, atajua na kopo bado lipo, na litatafutwa. Kwa hiyo atalibeba hilo jina mpaka Madame Neema aje, na sijui barabara itafunguliwa lini, wala kama itafunguliwa kabla vita haijafika hapa.

Vichupa vimejaa. Nimeviangalia asubuhi hii, kila kipande kimezama. Hata kile kilichokauka nimekirudishia, kimelainika kidogo. Sijui kama bado kinasomeka. Madame Neema anasema DNA huvumilia mengi, huvunjika vipandevipande, na wao wanajua kusoma hata vipande. Ninashikilia neno hilo.

Nakuahidi haya. Sitaacha kopo likauke. Tukikimbia, nitalibeba mimi mwenyewe, si mizigo mingine. Shule ikifunguliwa nitamaliza, na siku ile mashine itakapoletwa nitamwomba Madame anifundishe kuishika. Na siku mboloko wa huku na wa kule watakaposomwa, nitasimama mlangoni kwa Mama Aisha na kwa kila nyumba ya mtaa huu, nieleze ile lutuku ilinywewa na nani. Hapo nitawapikia sombe, nusu kwa mkono wa Mama, nusu kwa mkono wa Shangazi.

Lala salama, Baba. Adhana inaanza, naenda kuswali na kukuombea. Jambo moja tu nataka unijibu, hata kwa ndoto, na unijibu upesi kwa sababu nimemwuliza Mama naye akainuka kwenda kuangalia moto. Miaka ile ya vita, walipoingia wakanusa, wakauliza pombe ni ya nani, wakajibiwa: aliyewajibu alikuwa nani?

Binti yako,
Salima